Kiko Chenye Sura ya Mama Mkwe

Nimewahi kumchoma moto mama mkwe wangu mara tatu kwa siku moja, na kila nikimchoma alizidi kung'aa.

Kabla hamjaita polisi, nisikilizeni kwanza.

Sizungumzii mwili wake. Mwili wake ulikuwa salama salimini, uko jikoni wakati huo unanisema. Nazungumzia sura yake, ambayo ilinitokea kwenye kiko nilichokuwa nakipaka rangi, Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu na tumboni sina kitu zaidi ya chai.

Najua mnachofikiria. Hata mke wangu alifikiria hivyohivyo.

Mimi kazi yangu ni kupaka rangi viko. Ndiyo, viko, vile vya kuvutia tumbaku. Watu wakisikia kazi yangu huniuliza maswali mawili. La kwanza, kama bado kuna watu wanavuta kiko. Wapo. La pili, kama hiyo ni kazi ya kumlisha mke. Hilo huulizwa zaidi na ndugu wa mke.

Na kwangu mimi, hao ndugu wa mke ndio wenye karakana.

Baba mkwe ndiye mchongaji. Anachonga kwa mkono, kutoka kwenye vifundo vya mizizi ya mti mgumu ambavyo anavikausha juu ya dari miaka na miaka. Ni mtu mwema sana, ila maneno yake kwa siku hayazidi kumi, na matatu kati ya hayo ni "Leta ile tupa."

Mama mkwe ndiye alikuwa mpaka rangi. Miaka thelathini. Baba anachonga, Mama anapaka. Wateja walikuwa wakisema viko vya Baba vinashikika vizuri, lakini kinachowafanya washindwe kuviacha dukani ni rangi ya Mama.

Halafu kifua kikamkataa.

Vumbi la mbao, spiriti, moshi wa rangi, vyote hivyo miaka thelathini ndani ya chumba kimoja chenye kidirisha cha kupitisha paka. Daktari alimwambia mbele yetu sote, "Mama, ukirudi kwenye kile chumba, mimi usinitafute tena."

Chumba cha rangi nikapewa mimi, ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa nakata mbao na kufagia.

Niseme vizuri. Nilipewa na Baba. Mama hakunipa kitu.

Kuanzia hapo mama mkwe akajipangia zamu. Kila asubuhi anakuja kwenye mlango wa chumba cha rangi, anasimama. Haingii. Haongei. Kilemba kichwani, amejiziba pua kwa kitambaa, uso ameukunja, jicho moja limesinyaa kuliko mwenzake, ananitazama. Dakika tano, kumi.

Kisha anaguna, anaondoka.

Jamani, ule mguno. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa wa chinichini, unatoka kwa ndani kabisa, kama wa mtu anayesema "makubwa haya" bila kufungua mdomo. Nilikuwa nikipaka rangi, nausikia. Nikila, nausikia. Siku moja nilikosea kufunga kifungo cha shati nikausikia na Mama hayupo.

Miezi mitano hivyo. Mimi si malaika, na mimi nikaanza kununa. Shikamoo nilikuwa natoa, lakini shikamoo ya wajibu.

Sasa ndipo akaja Mzee Kengele.

Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu. Wanafunzi wake ndio walimpa hilo jina, kwa sababu kengele ya shule alikuwa anatembea nayo mfukoni hata kwenye harusi, na akiona watu wanazubaa anaigonga. Ndiye mteja wetu mkubwa kuliko wote. Si kwamba ananunua sana, ila wazee wenzake wote wanamwangalia yeye. Akisema kiko kizuri, wanakuja kundi zima. Akinyamaza, tunakaa wiki nzima tunaangaliana wenyewe.

Tangu Mama aache kupaka, Mzee Kengele alikuwa hajaagiza kitu. Siku moja akatuma ujumbe kwamba anataka kiko kimoja, kipya, aone kama nyumba yetu bado ipo.

Baba akapanda darini. Akashuka na kifundo ambacho kilikuwa kimekauka huko juu miaka ishirini, kikubwa, kizito, hakina ufa wala tundu la mdudu. Alikichonga wiki mbili. Alipomaliza akaja kukiweka kwenye meza yangu, akasimama.

"Jumamosi anakuja," akasema. "Akikikataa, mama yenu anarudi kwenye rangi. Ameshaapa."

Nadhani alikuwa amemaliza maneno ya siku nzima, kwa sababu aligeuka akaondoka bila hata kuniambia kila la heri.

Mke wangu alinifuata baadaye. Yeye huwa ni mtu wa utani, lakini siku ile hakuwa na utani hata chembe.

"Mama akisema anarudi, anarudi," aliniambia. "Daktari ameshasema. Yule kifua chake hakitamaliza mwaka mle ndani. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa, mume wangu. Kipake hicho kiko."

"Nitakipaka."

"Usikipake kama unavyopaka siku zote. Kipake vizuri."

Hayo ndiyo mapenzi ya ndoa. Anakupa moyo na kukuvunja kwa pumzi moja.

Basi Alhamisi asubuhi nikajifungia. Nikajifunga kitambaa changu cha vumbi kichwani, nikanawa mikono. Nikaziba tundu la kiko kwa tambara, maana rangi ikiingia ndani, mzee wa watu ataivuta na tumbaku yake. Nikapitisha msasa laini, kisha ulio laini zaidi, mpaka mbao ikawa kama shavu la mtoto. Nikaifuta kwa spiriti. Nikapaka rangi nyeusi kiko kizima.

Halafu nikawasha kiberiti.

Hapa ndipo wageni wa karakana hukimbia. Rangi yetu tunaichanganya na spiriti, na ikiwa bado mbichi tunaiwasha moto. Moto wa bluu unatembea juu ya kiko, sekunde mbili tatu, unazima wenyewe. Spiriti inaungua, rangi inazama ndani ya mbao. Baada ya hapo unapitisha msasa tena. Sehemu ngumu za mbao zinaachia ule weusi, sehemu laini zinaung'ang'ania, na ile mistari ya mti iliyokuwa imejificha inajitokeza yote. Ukishaona mara moja hiyo mistari inavyofufuka, huwezi tena kufanya kazi nyingine.

Nikasugua taratibu upande wa kulia. Mistari mizuri, imesimama kama nywele zilizochanwa.

Nikageuza upande wa kushoto.

Upande ule mbao ilikuwa imekatwa kwa kukingama, na mbao ikikatwa hivyo huwa inatoa viduara vidogovidogo. Kwa kawaida vinatawanyika. Safari hii viwili vilikuwa vimekaa sambamba, kimoja kimesinyaa kuliko mwenzake. Chini yao mstari mmoja mfupi, umefyatwa. Juu yao mistari inazunguka, imekunjana, kama kilemba kilichofungwa kwa haraka.

"Shikamoo, Mama," nilijikuta nimesema.

Sikujibiwa.

Nilikiweka kiko mezani. Nikatoka nje, nikaosha uso, nikarudi. Bado alikuwa ananitazama.

Nikajiambia, tulia, wewe ni fundi. Alama iko juujuu tu hiyo, piga msasa itoke. Nikapiga msasa.

Wenzangu wa kazi hii wameshaanza kucheka hapo, kwa sababu wanajua. Ukizidi kusugua, sehemu ngumu zinazidi kuwa nyeupe na laini zinabaki nyeusi vilevile. Yaani nilikuwa namsafisha. Kila nikisugua ananijia vizuri zaidi, kama mtu anayetoka kwenye ukungu kuja kukuuliza umefanya nini.

Nikapaka nyeusi tena, nikamchoma mara ya pili. Nikasugua. Akaota nyusi.

Nikapaka, nikamchoma mara ya tatu. Nikasugua. Akapata ule mkunjo wa katikati ya paji la uso, ule unaotokea muda mfupi kabla hajaguna.

Kukwangua kwa nguvu sikuweza, kwa sababu ukuta wa kiko ungekuwa mwembamba na ungemchoma mzee vidole. Pale kwenye rafu kulikuwa na kopo la vanishi nzito, alilisahau seremala wa jirani. Vanishi ile ingefunika kila kitu, mama mkwe na ukoo wake wote. Nikalifungua. Nikachovya brashi.

Nikasimama hapo na brashi yangu inadondosha.

Kiko hakipakwi vanishi. Kikipata moto, vanishi inavimba malengelenge, inabanduka mkononi mwa mteja. Mzee Kengele angeondoka Jumamosi amefurahi, na Jumapili angerudi na kiko chenye magamba. Tungekuwa tumemdanganya kwa siku moja tu. Na Jumatatu Mama angeingia kwenye rangi. Nikairudisha brashi, nikafunga kopo.

Mke wangu aliingia na chai. Akakiona kiko mezani, akakiokota.

"Mbona umemchora Mama?"

"Sijamchora."

"Umempatia lakini."

"Mke wangu, hiyo ni mbao. Imetoka hivyo yenyewe."

"Mbao imejuaje kufunga kilemba?"

Alikigeuza, akakisogeza kwenye mwanga, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gogo, chai ikamwagika. Nami nikaanza kucheka, si kwa furaha, ni ile unacheka kwa sababu huna la kufanya.

Kisha akakirudisha kiko mezani.

"Akiona hiki atajua umemdhihaki," alisema. "Atakitupa, atajifunga kitambaa chake, ataingia humu. Na hatatoka."

Tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, sema hakuna aliyetaka kukitaja mara ya pili.

Mwishowe tukapanga hivi. Nitamalizia rangi kama kawaida. Siku ya kukabidhi nitampa Mzee Kengele kiko mkononi mwake mwenyewe, nimekigeuza kwa namna kwamba akikishika, ule upande wa kushoto unaangalia kiganja chake. Mama atakaa mbali. Mzee atasifu, ataaga, ataondoka na mama mkwe kiganjani, yakaishie huko.

Ijumaa nikapaka rangi ya pili, ya wekundu wa kahawia. Nikaifuta kwa spiriti kidogo ipungue makali. Nikakipeleka kwenye gurudumu la kitambaa, nikakipiga nta, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, mpaka kikawa kinang'aa kwa ndani.

Niwaambie ukweli bila kujisifu, hakijawahi kutoka kiko kizuri kama kile mikononi mwangu. Tatizo ni kwamba na yeye alikuwa ametoka vizuri. Sasa hata macho yalikuwa yananifuata.

Nikasikia ndara mlangoni. Nikakitumbukiza kiko kwenye mfuko wa aproni, kingali cha moto.

"Kile cha Mwalimu Mkuu kiko wapi?" Mama aliuliza kutoka nyuma ya kitambaa chake. Miezi mitano, na hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kunisemesha pale mlangoni.

"Kinakauka, Mama."

"Kinakaukia mfukoni?"

Nta ilikuwa inanichoma paja. Nilimwambia kwamba ndiyo, siku hizi wataalamu wanashauri joto la mwili. Akanitazama. Akaguna. Akaondoka.

Jumamosi saa nne Mzee Kengele akaingia, fimbo mkononi, koti limepigwa pasi. Chumba chetu cha mbele si kikubwa, kuna kabati la vioo lenye viko, viti vinne na dirisha. Baba alikaa kwenye kiti chake. Mama alikaa mbali, karibu na mlango, amevaa gauni lake la kutokea. Mke wangu alisimama katikati, tayari kuzuia lolote.

Nikampa shikamoo zote alizostahili. Halafu nikatoa kiko, nikakigeuza nilivyojizoeza tangu alfajiri, nikamsogezea kwa mikono miwili kuelekea mkono wake wa kulia.

Akahamishia fimbo kulia, akakipokea kwa kushoto.

Mzee wa watu ni wa mkono wa kushoto. Mteja wetu wa miaka yote, na hakuna aliyewahi kuliona hilo.

Kwa hiyo mama mkwe wa mbao akatokeza nje ya vidole, anatazama chumba kizima. Baba alimwona. Akainua macho, akaanza kukagua dari. Mke wangu aliuma mdomo.

Mzee Kengele akakigeuza taratibu. Akakisogeza puani, akakinusa. Akaenda nacho dirishani, akatugeuzia mgongo. Akakaa huko muda mrefu sana.

Mabega yake yakaanza kutikisika.

Nilidhani ni kikohozi. Alipogeuka, nikaona anacheka, na machozi yanamtoka, na hajui aanze kufuta lipi.

"Nani amewaambia habari za dada yangu?" akauliza.

Dada gani tena?

"Huyu hapa. Dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea. Jioni alikuwa anasimama nyuma yangu mpaka nimalize hesabu, na jicho hilihili. Hata nilipokuwa mwalimu mkuu, na walimu ishirini chini yangu, akija ofisini ananiuliza mbele yao kama nimeoga." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Alifariki mwaka jana. Picha zake ninazo, ila zote ametabasamu, na dada yangu hakuwa mtu wa kutabasamu. Hapa ndipo mmempata."

Nikaangaliana na mke wangu. Tumepona.

"Nakichukua," akasema Mzee Kengele. Halafu, kwa roho yake nzuri, akavuka chumba kwenda kwa mama mkwe. "Hebu mwone mwenyewe, mama. Wewe ndiye unayejua rangi."

"Mama, chai inamwagika jikoni," mke wangu akadakia.

"Haijabandikwa," Mama akajibu, akatoa miwani yake mfukoni.

Alikipokea kiko. Akakishika kama mtu anayeshika mkono wa mtoto wake. Akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Mimi nilikuwa nasoma viatu vyangu.

"Huyu si dada yako, Mwalimu," akasema.

Nikafumba macho.

"Huyu ni huyu hapa."

Nikafumbua. Alikuwa amenielekezea mdomo wa kiko kifuani.

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine? Jicho moja dogo, mdomo umefyatwa. Ndivyo anavyonitazama kila asubuhi nikija pale mlangoni, kama mimi ni mbuzi nimeingia kwenye bustani yake. Miezi mitano."

"Lakini huyo ana kilemba, Mama."

"Kilemba cha wapi? Hilo ni tambara lako la kuzuia vumbi."

Nikapeleka mkono kichwani. Tambara lilikuwepo. Nilikuwa nimesahau kulivua, na mteja nimempokea nalo.

Mzee Kengele alituangalia, akaangalia kiko, akatuangalia tena. Kitu fulani kikanipanda. Miezi mitano nimenyamaza, sasa ndiyo niambiwe mimi ndiye mwenye uso huo?

"Mama, samahani," nikasema. "Ninayetazamwa ni mimi. Wewe ndiye unakuja kunikunjia uso."

"Nakunja kwa sababu spiriti inaniwasha macho."

"Sasa kwa nini unakuja?"

Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya kiko, akifuata mistari.

"Daktari alisema nisiingie," akasema. "Hakusema nisitazame. Miaka thelathini nimekaa kwenye kile chumba. Nikiamka asubuhi miguu inakwenda yenyewe. Ulitaka nikasimame wapi?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeonekana mtu mzima. Lakini mimi nilikuwa na kesi yangu moja imebaki, na mdomo wangu haujawahi kunisikiliza.

"Na mguno je?"

"Mguno gani?"

"Kila siku ukimaliza kunitazama, unaguna."

Mama akamgeukia mke wangu, uso umejaa mshangao wa kweli. "Mimi naguna?"

Mke wangu akainamisha kichwa. "Unaguna, Mama. Ila si..."

"Siguni," mama mkwe akasema taratibu. "Nikisimama pale muda mrefu kifua kinabana. Nikigeuka kuondoka, ndivyo pumzi inavyotoka. Ndivyo ninavyopumua siku hizi, baba."

Na kwa kuwa alikuwa ameongea sana, ukatoka. Uleule, wa chinichini, wa ndani kabisa. Safari hii nilikuwa karibu naye, nikausikia wote, na mwisho wake ulikuwa na filimbi nyembamba.

Nimewahi kuaibika maishani. Nimewahi kuanguka mbele za watu, nimewahi kupeleka barua ya mapenzi nyumba isiyo yenyewe. Sijawahi kuona aibu kama ya siku ile. Mwanamke anahangaika kupumua, na mimi nimekaa miezi mitano nahesabu matusi.

Mzee Kengele ndiye alituokoa. Alichukua kiko chake, akampelekea Baba. "Na wewe, fundi, unamwona nani hapa?"

Baba akakipokea. Akakitazama. Akamtazama mke wake aliyeishi naye miaka arobaini, ambaye alikuwa anamsubiri na jicho moja limesinyaa.

"Mbao," akasema, akakirudisha.

Mtu huyu ana busara ambayo sisi wengine tutaitafuta mpaka tuzeeke.

Mzee Kengele alipoondoka, Mama alibaki amekaa palepale na miwani yake mkononi. "Kwa hiyo amekikubali," akasema. "Kwa hiyo sirudi tena." Alisema kama mtu anayejitangazia mwenyewe, na sikujua nimpongeze au nimpe pole. Nikachukua kiti, nikakaa karibu naye, nikamwambia ukweli wote. Kwamba nilikuwa namwogopa. Kwamba nilimchoma moto mara tatu. Kwamba nilifungua kopo la vanishi.

Ya kuchomwa moto aliyapokea vizuri. Ya vanishi ndiyo alisimama, na ilibidi mke wangu amshike.

Wiki iliyofuata, mimi na Baba tulibomoa sehemu ya ukuta wa chumba cha rangi, upande wa uani, tukaweka kioo kikubwa, hakifunguki, hakipitishi hata harufu. Na kule chumbani tukatoboa tundu la kutolea moshi upande wa pili. Sasa mama mkwe anakaa nje kwenye hewa safi, kwenye kiti chenye mto, ananitazama kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Ana kijiko. Nikikosea, anagonga kioo. Nikiwasha kiberiti mapema, ko. Nikisugua kinyume na mistari, ko ko. Siku ya kwanza aligonga mara arobaini na mbili, nilihesabu.

Jirani yetu seremala ananiuliza kama si mateso. Ni mateso. Lakini viko vyangu sasa wazee wanavigombania, na juzi kuna mmoja aliapa kwamba hiki lazima amekipaka Mama.

Sina elimu kubwa ya kuwafundisha nyie, ila hili nililolipata kwa kutahayari nawapa bure. Miezi mitano nilikuwa nasoma uso wa mtu na sikumuuliza hata siku moja anaumwa wapi. Kama hapo nyumbani kuna mtu anakukunjia uso kila siku, kabla hujaanza kumnunia, mwendee umuulize. Sanasana atakujibu vibaya, na hapo mtakuwa mmeshaanza kuongea.